Congress Plaza ya Chicago: kipi ni historia, kipi ni hadithi ya mizuka?

Mwandishi_Mtwapa

Salaam wakuu. Naandaa kipindi cha sauti cha dakika 20 kwa Kiswahili kuhusu Congress Plaza, hoteli kongwe ya Chicago iliyoko Michigan Avenue, inayotazamana na Grant Park. Kila anayetaja hoteli zenye mizuka Marekani haachi kuitaja hii. Haya ndiyo yanayorudiwa kila mahali:

Kwamba Al Capone, yule bosi wa magenge ya Chicago, aliishi pale na roho yake haijatoka. Kwamba H. H. Holmes, yule muuaji wa enzi za Maonyesho ya Dunia, alikuwa akivizia wasichana kwenye ukumbi wa mapokezi. Kwamba chumba 441 kina mwanamke anayekipiga kitanda mateke usiku. Kwamba mtoto wa kiume anakimbia kwenye korido za ghorofa za juu. Kwamba mzururaji mwenye mguu wa mti, Peg Leg Johnny, huwasha na kuzima taa. Na kwamba ndani ya ukuta wa Gold Room, ukumbi wa dhifa wa hoteli, kuna fundi aliyezibwa na plasta, glavu yake ikiwa bado inachomoza.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Yapi yana ushahidi? Mtu ayahakiki vipi akiwa mbali na Chicago? Na mwenzangu atakapolala pale usiku mmoja, arekodi nini na kwa utaratibu gani? Sitaki kuwadanganya wasikilizaji, lakini pia sitaki kipindi cha "yote uongo, kwaherini".

Kabati_la_Magazeti

Mkuu, anza na jengo, mzuka baadaye. Congress Plaza ni majengo yaliyounganishwa kwa vipindi, na hapo ndipo hadithi nyingi hukwama.

Upande wa kaskazini ulifunguliwa 1893 kupokea wageni wa Maonyesho ya Dunia, yaliyoanza 1 Mei na kufungwa 30 Oktoba mwaka huo. Msanifu alikuwa Clinton J. Warren. Wakati huo haikuitwa Congress, iliitwa Auditorium Annex, maana ilijengwa kama tawi la Auditorium Building, jengo lenye ukumbi wa tamthilia lililosanifiwa na Adler na Sullivan, la mwaka 1889, iliyo ng'ambo ya barabara. Hata sura ya nje ilifanywa iendane na ile ya mkubwa wake. Njia ya chini kwa chini yenye kuta za marumaru, Peacock Alley, iliunganisha majengo mawili ili mgeni aende tamthilia bila kukanyaga theluji. Upande wa kusini, kazi ya wasanifu Holabird & Roche, uliongezwa kati ya 1902 na 1907, na Gold Room iko upande huo.

Sasa chukua madai yako uyapime kwa tarehe hizo.

Holmes alinyongwa Philadelphia tarehe 7 Mei 1896. Upande wa kusini haukuwepo, Gold Room haikuwepo. Hadithi yoyote inayomweka kwenye vyumba vya upande huo inakufa hapo hapo. Inabaki kaskazini, ambako kimuda ingewezekana, lakini kuwezekana si ushahidi. Jengo lake mwenyewe, lile linalohusishwa na mauaji yake, lilikuwa Englewood, kona ya mtaa wa 63 na Wallace, mbali kabisa kusini mwa jiji.

Capone naye makao yake yanajulikana: Metropole, kisha Lexington kuanzia 1928 hadi alipotiwa hatiani kwa kukwepa kodi mwaka 1931. Zote zilikuwa Michigan Avenue, ila kwenye namba za 2300 na 2135 kusini, ilhali Congress iko 520. Nadhani ndipo mkanganyiko ulipoanzia: barabara moja, hoteli kubwa, na Lexington ilivunjwa 1995. Mtalii akitaka kuoneshwa "hoteli ya Capone" haoneshwi kiwanja, anaoneshwa jengo lililosimama. Mzuka ulihamishwa kwa sababu nyumba yake imebomolewa.

Peg Leg Johnny hana jina la ukoo, hana mwaka, hana gazeti. Mtaje kama simulizi la wafanyakazi na wageni, basi.

Mtoto ndiye tofauti. Tukio lililo nyuma yake ni la kweli, la Agosti 1939. Nitaliacha kwa mwingine alieleze kwa upole linaostahili.

BintiTanga

Ngoja nilieleze mimi. Mwezi Machi 1939 Ujerumani ya Hitler iliivamia Prague. Familia moja ya Kiyahudi ilitoroka Chekoslovakia ikafika Chicago. Agosti, mama akiwa na watoto wake wawili wa kiume, wa miaka 6 na 4, aliwarusha kutoka dirisha la ghorofa ya juu ya hoteli hiyo, kisha akajirusha mwenyewe. Wote watatu walikufa.

Nakuomba sana, ndugu yangu, usiwataje majina, na usiweke sauti ya mtoto anayecheka kwenye kipindi. Vipindi vingi vimefanya hivyo na ni kuwavunjia heshima. Ukilisimulia, lisimulie kama habari ya wakimbizi: kwamba mtu anaweza kuvuka bahari akawa salama kwa makaratasi, huku moyo umebaki kwenye moto. Wasikilizaji wako wa Kigoma, Kakuma na Bukavu wataelewa bila kelele za kutisha.

Kuhusu 441: sisi tuna neno lake, nalo ni jinamizi. Soma maelezo ya wageni taratibu. Mtu kaamka katikati ya usiku, hawezi kusogea, anaona kivuli cha mtu pembeni au juu yake, kitanda kinatikisika, kifua kizito. Hilo ni jinamizi tupu. Mwili bado uko kwenye hatua ya usingizi wa ndoto, misuli imelegezwa, lakini akili imeshaamka na inaendelea kuota macho wazi. Linamjia zaidi aliyelala chali, aliyechoka kwa safari, aliyevurugikiwa saa za kulala. Na mgeni wa hoteli usiku wa kwanza anaweza kuwa na yote matatu. Ongeza kwamba ameomba 441 makusudi kwa sababu ya sifa zake, na amelala akisubiri.

Hapo simwiti mtu mwongo. Aliyeona mwanamke alimwona kweli. Swali ni alimwona kwa jicho gani.

FundiMvuke

BintiTanga amemaliza upande wa usingizi. Mimi nitazungumzia milio, baridi na milango, kwa sababu majengo ya Chicago ya umri huo yana tabia zake, na mtu aliyetoka nchi isiyo na baridi hazijui kabisa.

Mengi yalijengwa yakipashwa joto kwa mvuke: boila chini, mabomba ukutani, radieta (chuma kinachotoa joto chumbani) chini ya dirisha. Kwenye mfumo wa bomba moja, mvuke hupanda na maji yaliyopoa hurudi kwa bomba lile lile, kwa hiyo radieta lazima iinamie kidogo upande wa valvu. Sakafu ya miaka 100 ikititia, mwinamo unageuka, maji yanatuama upande wa mwisho. Mvuke unaofuata ukikutana na maji hayo baridi unasinyaa ghafla, maji yanarushwa kama nyundo ndani ya bomba: ngo! ngo! ngo! Unasikika ghorofa tatu mbali. Valvu iliyofungwa nusu inaleta balaa hilo hilo. Katika mfumo wa bomba moja unaifungua yote au unaifunga yote. Kabla ya kishindo utasikia kitundu cha hewa kikipumua, "ssss" ndefu, kikae kimya, kianze tena. Gizani, kwa mtu asiyejua, huyo ni mtu anapumua kando ya ukuta. Mwambie mwenzako aangalie kwanza chumba chake kinapashwa joto kwa nini: radieta, feni ya ukutani, au kifaa cha umeme.

Milango. Majira ya baridi hewa ya ndani ni nyepesi kuliko ya nje, inapanda kupitia mashimo ya lifti na ngazi, jengo zima linafanya kazi ya bomba la moshi. Chukua mfano: ndani nyuzi 21, nje nyuzi 15 chini ya sifuri, na wewe uko mita 20 juu ya usawa ambapo mgandamizo wa ndani na nje unalingana. Tofauti inakuwa kama paskali 33. Mlango wa mita 1.9 za mraba ukibeba tofauti yote hiyo, unasukumwa kwa nguvu ya kilo 6 hivi. Kwa kawaida nguvu hiyo hugawanyika kati ya dirisha, mlango wa chumba na mlango wa lifti, lakini mtu akifungua dirisha moja tu mwisho wa korido, mgao unabadilika na mlango wako unabamizwa na "asiyeonekana". Filimbi kwenye tundu la ufunguo na ubaridi miguuni vinatoka hapo hapo.

Taa za kuwaka na kuzimika: swichi chakavu, balbu isiyokaza, au balbu ya LED kwenye kipunguza mwanga cha zamani kilichotengenezwa kwa balbu za waya. Hakuna haja ya Johnny.

Jambo la mwisho, na hili si la hadithi. Kuna ripoti maarufu ya mwaka 1921 kwenye jarida la madaktari wa macho Marekani, ya familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo ndani ya nyumba. Chanzo kilikuwa tanuri bovu lililovujisha kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu. Kwenye jengo lolote kongwe lenye boila, beba kengele ndogo ya betri. Kengele za kiwango cha Marekani hulia gesi ikifika sehemu 70 kwa milioni kwa muda wa saa 1 hadi 4. Mwenzako akipata kichwa kuuma, kichefuchefu na kuona vivuli kwa pamoja, asirekodi chochote. Atoke nje, apige simu.

Mwandishi_Mtwapa

Nimeshiba, asanteni. Dada BintiTanga, nimekuelewa kuhusu watoto, na sauti ya kicheko niliyokuwa nimeipanga naifuta. Kabati, nielekeze namna ya kutafuta. Nimejaribu kuandika "Congress Hotel" kwenye makavazi ya magazeti, nimeletewa maelfu ya habari za bunge la Marekani. Na FundiMvuke, vipi ile glavu ukutani?

FundiMvuke

Glavu ni rahisi. Ukuta wa kugawa vyumba kwenye majengo ya Chicago ya wakati huo, yaliyojengwa kuhimili moto, mara nyingi ni vigae vya udongo vilivyo wazi ndani, unene wa sentimita 10 hadi 15, kisha plasta pande zote mbili kama sentimita 2. Kifua cha mtu mzima hakitoshi humo. Palipokuwa na nafasi zaidi, kwenye njia za mabomba, mwili ukioza hutoa majimaji, na plasta ya chokaa inanyonya: ungeona doa la kahawia likirudi kila baada ya kupakwa rangi, na harufu kwa miezi. Glavu peke yake inaeleweka kirahisi. Mafundi huziba matundu kwa chochote kilicho karibu, gunia, gazeti, glavu iliyochanika, wanapiga plasta juu. Plasta ikikauka na kusinyaa, kitambaa kigumu kinajitokeza na umbo la vidole. Mwenzako akiweza kuiona, apige picha kwa mwanga wa tochi ulioshikwa pembeni, sambamba na ukuta. Mwanga wa mbele unafuta kila kivimbe.

Kabati_la_Magazeti

Kutafuta kuna mitego minne.

Jina. Kwa matukio ya miaka ya mwanzo tafuta "Auditorium Annex" au "the Annex", kwa alama za kunukuu. Ilipofika mwaka 1912 ilishaitwa Congress Hotel. Baada ya Albert Pick kuichukua, magazeti yakawa yanaandika Pick-Congress. Ukitafuta jina la leo kwa tukio la 1900 utapata sifuri, ukadhani halikutokea. Kuepuka habari za bunge, unganisha jina na neno la mahali: "Congress Hotel" pamoja na "Michigan", au "lobby", au "guest".

Anwani. Chicago ilibadilisha namba za nyumba 1909, na katikati ya jiji mwaka 1911. Anwani iliyo kwenye gazeti la 1905 usiilinganishe na ramani ya leo kabla ya kuigeuza.

Namba ya chumba. Hoteli zilizozaliwa karne ya 19 zilikuwa na vyumba vidogo, bafu za pamoja. Kila ukarabati ulivunja kuta, vyumba viwili vikawa kimoja chenye bafu. Kwa hiyo "441" ya leo na "441" ya kale huenda si mahali pamoja. Mtu akikuambia fulani alifia 441, muulize mwaka, halafu muulize ramani ya ghorofa ya mwaka huo.

Kusomwa kwa mashine. Magazeti yaliyoskaniwa yana makosa ya herufi. Ukikosa kwa neno, nenda kwa tarehe, fungua ukurasa kwa ukurasa, siku ya tukio na siku mbili zinazofuata. Uchunguzi wa kifo kwa kawaida huripotiwa kesho yake.

Pa kuingia: Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani ni bure, na kwa Chicago ina The Day Book, gazeti la 1911 hadi 1917. Makavazi ya Chicago Tribune ni ya kulipia, ila ndiyo yenye habari nyingi. Chuo Kikuu cha Northwestern kiliweka mtandaoni daftari la polisi la mauaji ya Chicago, 1870 hadi 1930, zaidi ya kesi 11,000. Anayedai mauaji ndani ya hoteli miaka hiyo, anzia hapo. Makavazi ya jimbo la Illinois yana fahirisi ya vifo 1916 hadi 1950, na kumbukumbu za uchunguzi wa vifo za Cook County 1872 hadi 1911. Kwa jengo lenyewe tumia ramani za bima ya moto za Sanborn: pinki ni matofali, njano ni mbao, bluu ni mawe. Ukizilinganisha za miaka tofauti unaona hoteli ikikua kuelekea kusini.

Utakachokuta kwa wingi ni watu waliojiua hotelini. Hilo lisikushangaze wala usiligeuze kuwa laana. Hoteli ina vyumba 871. Hata ukikadiria nusu tu vikijaa, ni zaidi ya malazi 150,000 kwa mwaka, milioni 15 hivi kwa karne. Na anayetaka kufa mbali na macho ya familia hukodi chumba. Kila hoteli kubwa ya mjini ina orodha hiyo. Congress ina watalii wanaoisoma.

MzeeWaJazi

Vijana, mmeisahau hoteli yenyewe. Kama kipindi ni dakika 20, msitumie zote kwa waliokufa.

Juni 1912 Theodore Roosevelt, rais wa zamani, aliweka kambi Congress wakati chama cha Republican kinakutana Chicago kuteua mgombea urais, alipokosa uteuzi akajitoa na kuanzisha chama chake. Mwaka 1932 Franklin Roosevelt alikuwa na makao yake humo humo baada ya kuruka hadi Chicago kupokea uteuzi wa urais wa chama cha Democrats. Mwaka 1942 jeshi liliichukua kwa mafunzo ya askari wa jeshi la anga, pamoja na Stevens, hoteli ya vyumba 3,000 iliyo jirani, sasa Hilton.

Na kubwa kuliko yote kwangu: Benny Goodman, mwanamuziki wa jazi na kiongozi wa bendi, alipiga kwenye Joseph Urban Room, ukumbi wa hoteli hiyo, kuanzia Novemba 1935 hadi 1936, na matangazo yakienda kwa redio nchi nzima. Siku ya Pasaka, 12 Aprili 1936, alipanda jukwaani na Teddy Wilson, mpiga piano mweusi, na Gene Krupa kwenye ngoma. Mweusi na wazungu jukwaa moja, hoteli ya kifahari, Chicago ya 1936. Watu wanasema wanasikia muziki kwenye kumbi tupu usiku. Waambie wasikilizaji ni muziki gani ulipigwa mle.

Halafu kuna mgomo. Juni 2003 wafanyakazi wapatao 130 walitoka wakipinga masharti ya mishahara, wakasimama nje na mabango hadi Mei 2013. Karibu miaka 10, baridi ile mnayoisema. Julai 2007 Barack Obama, akiwa seneta, alijiunga nao kwenye mstari. Watu wa Kogelo na Kisumu watapenda kulisikia hilo. Wanaosimulia mizuka wanawapita wahudumu hao kana kwamba wao ndio hawakuonekana.

BintiTanga

Mzee wangu, shikamoo, umenena. Mhudumu wa vyumba ndiye anayejua mlango upi unajibamiza na bomba lipi linapiga. Mwenzako aulize hao kwanza, tena mchana, wakiwa hawana haraka, na asiwarekodi bila ruhusa.

Usiku wenyewe: aombe chumba bila kutaja mzuka, kwenye upande wa jengo anaoujua (kaskazini 1893, kusini 1902 hadi 1907). Akifika apige picha chumba chote kabla ya kutua begi. Aandike joto la ndani na nje, upepo, dirisha limefungwa au la. Kinasa sauti cha kwanza akiweke mezani, juu ya taulo lililokunjwa ili mtikisiko wa meza usiingie. Cha pili karibu na mlango. Vyote aviwashe pamoja na apige kofi moja, apate pa kulinganisha muda. Kila anapojigeuza, kukohoa au kwenda msalani aseme kwa sauti, "ni mimi". Bila hivyo asubuhi atakuwa na saa 7 za milio yake mwenyewe. Vipimo vya sumaku visivyo na sababu aviache nyumbani, kila waya ukutani utavifanya viwake. Picha za simu zenye flashi gizani zinatoa viduara vyeupe, hilo ni vumbi karibu na lenzi.

Alale ubavu, si chali. Na akiamka na kishindo, kabla ya kuwasha taa aangalie saa. Akilala usiku wa pili na kishindo kikaja karibu na saa ile ile, basi amepata ratiba ya boila, na sauti hiyo muiweke mwanzoni mwa kipindi.